Mtu Wetu wa Dawa ya Mahindi

Yule mtu ndiye aliyenitafutia kazi. Naanza na hilo kwa sababu watu wetu wote huanza nalo, na nikilichelewesha watasema nimelificha.

Tulikuwa majirani kule mtaa wa Kapsoya, ua wa mabati tu kati ya ploti yao na yetu, na mke wake na mimi tulikuwa kikundi kimoja cha kanisa. Kibanda changu cha mboga kilikuwa kimebomolewa barabara ilipopanuliwa, nami nikakaa msimu mzima nikifua nguo za watu. Mume wangu alikuwa ameshaenda zake zamani. Basi jirani akaja asubuhi moja, akasimama mlangoni bila hata kukaa, akasema, "Dadangu, vaa viatu vya kufunga. Twende nikuulizie kule stoo. Wanatafuta mtu wa kushona magunia."

"Mimi sijawahi kushona gunia."

"Kwani gunia ni suti? Twende."

Nikaenda, nikachukuliwa siku hiyo hiyo. Jumapili nilisimama kanisani nikamshukuru mbele ya watu wote, na shukrani zile hazikuwa za mdomo tu.

Stoo ilikuwa nje kidogo ya mji, jumba refu la mabati la mfanyabiashara mmoja ambaye sisi tulimwona mara chache sana. Alinunua mahindi ya wakulima wa Sugoi, Chepsaita na kote huko, akayakausha, akayaweka mpaka bei ipande, kisha akayauza. Wakati wa mavuno trekta zilipanga foleni mpaka nje ya geti. Ndani, magunia yalipangwa marundo yaliyokaribia dari, na rundo likikamilika lilifunikwa kwa turubai na kuwekewa dawa ya kuua fukusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya jirani yangu. Stoo nzima ilimwita mtu wa dawa.

Dawa yenyewe ni vidonge vidogo vya kijivu. Vikiachwa wazi vinatoa hewa isiyoonekana, na hewa hiyo haichagui kati ya mdudu na mtu. Ndiyo maana turubai hufungwa kila upande na kukandamizwa kwa mifuko ya mchanga, watu wakakatazwa kukaribia kwa siku kadhaa, na hata likifunguliwa, milango huachwa wazi kwanza mpaka ile hewa itoke. Wakati naingia sikujua lolote kati ya hayo. Nilianza kuyajua kwa kuumwa kichwa.

Aliyenifundisha kushona alikuwa mama mmoja wa kutoka Chepsaita. Alipanga chumba karibu na stoo na kurudi kwao kila Jumamosi. Pale kazini tuliitana kwa mahali tulikotoka, kwa hiyo yeye aliniita Kapsoya na mimi nikamwita Chepsaita. Alikuwa na mikono mikubwa, hana maneno mengi, na akishona mdomo wa gunia huwezi kupitisha hata punje. Tulikaa ubavu kwa ubavu, ile sindano ndefu mkononi, tukiongea habari za ng'ombe wake na watoto wangu.

Siku moja nikasikia harufu ya vitunguu saumu. Nikadhani kuna mtu anakula. Baadaye kidogo kichwa kikaanza kunigonga na mate yakajaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

"Ni dawa," Chepsaita akasema, akiweka sindano chini. "Amka tutoke upate hewa."

Tulikaa nje kwenye jua. Mtu wa dawa akapita, amejitupia koti begani, akatucheka. "Nyinyi warembo mmeshachoka saa hii?"

"Umeweka dawa rundo la karibu na sisi?" nikamuuliza.

"Nimeweka asubuhi. Kwani?"

"Na sisi tulikuwa tumekaa hapo. Ungetuambia."

"Dadangu, hii dawa mimi nimeivuta miaka yote hiyo, na bado nazaa!" Wabebaji wakaangua kicheko, na mimi mwenyewe nikacheka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Angekuwa mlevi au mtu wa matusi, ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa ndiye mtu aliyependwa kuliko wote pale ndani. Mtoto wa mtu akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kupitisha kofia ya mchango. Alimjua kila mtu na shida yake, na hakuwahi kugombana na yeyote. Na mtu huyo huyo alibeba mkebe wa sumu katika mfuko mmoja na chakula chake cha mchana. Barakoa yake ya kazi, ile kubwa yenye vichujio, ilining'inia kwenye msumari mpaka buibui akajenga ndani. Kibao chenye picha ya fuvu alikigeuza kikaangalia ukuta, ati kinatisha wateja. Chepsaita alikuwa akikigeuza tena akipita, bila kusema neno, na yeye akakirudisha, wakaendelea hivyo kama watu wanaocheza.

Nilipoanza kuogopa hasa ni siku aliponiletea zawadi. Alijua nilikuwa nimeweka gunia la mahindi nyumbani, na kwa ukarimu wake akaniletea vidonge vichache vilivyofungwa kwenye gazeti. "Tupa ndani ya gunia, ufunge mdomo. Hutaona fukusi mpaka Krismasi."

Gunia langu lilikuwa chini ya kitanda cha watoto. Hatukuwa na chumba kingine.

Nilimrudishia. Nilimwambia kwa heshima, tena kando, kwamba watoto wanalala hapo na naogopa. Akapokea lile gazeti polepole, akalitia mfukoni. "Nimekupa kitu ya bure," akasema, "na umeitupa kwa uso yangu." Nikamuuliza amewapa wangapi pale stoo. Akasema yeyote aliyeomba. Mchana huo nilizunguka kwa wanawake wote nikiwaambia wasiweke kile kitu wanapolala watu. Wawili walinisikiliza. Mmoja akaniuliza mtu wa dawa amenikosea nini.

Niliamua kuongea naye kama jirani. Nilienda kwake Jumamosi mchana, nikamkuta nyuma ya nyumba akitengeneza banda la kuku, mke wake akichambua mchele. Nilikaa, nikapewa chai. Nikasema yote. Nikasema simtakii mabaya, naomba tu atuambie kabla hajaweka dawa, asifungue turubai kabla ya wakati, na avae ile barakoa yake hata kwa ajili ya watoto wake mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nani alikuingiza pale?"

"Ni wewe."

"Basi usinifundishe kazi."

Mke wake hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Nilimaliza chai kwa sababu kuiacha ingekuwa vibaya zaidi, nikarudi kwangu.

Wiki chache baadaye akafungua rundo asubuhi na kutuita tushone magunia yaliyotobolewa na panya, ile harufu bado imo. Mbebaji mmoja akatapika pale mlangoni. Siku hiyo nikaenda kwa meneja. Nilijipanguza vumbi, nikabisha, nikasimama mbele ya meza yake. Alikuwa kijana mdogo kwangu lakini tulimwita bosi kama wengine wote. Nikaeleza. Alinisikiliza huku akiangalia simu.

"Huyo si mtu wenu?" akaniuliza.

Sikuelewa. "Ni jirani yangu, ndiyo."

"Si ni mtu wa kwenu. Mnaongea lugha moja. Sasa mbona unakuja kwangu? Kaeni muongee, mmalize."

"Bosi, dawa haijui lugha."

Akacheka, akasema nina maneno. Akaahidi kuongea naye, na kwa kweli aliongea naye, maana kabla ya saa ya chai stoo nzima ilijua nimeenda kumchongea mtu wa dawa. Hakuna aliyekuja kunipiga wala kunitukana. Walinyamaza tu nikikaribia. Jumapili mke wake alinipita kanisani akasalimia mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Chepsaita peke yake ndiye aliyeendelea kukaa na mimi. "Wewe umesema," akaniambia. "Sasa nyamaza. Ukisema mara mbili utakuwa adui."

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Mvua ya kwetu hapa ikianza mchana haikuachi, na ilikuwa imekuja na upepo, wakafunga milango ya upande ili magunia yasilowe. Lori lilikuwa limefika kuchukua mahindi ya kupelekwa kaskazini. Dereva wake, mzee wa Kisomali ambaye ndiye mwenye lori, alikuwa na haraka kwa sababu ya barabara. Meneja akapiga simu kutoka mjini akisema wapakie rundo la mwisho. Rundo hilo lilikuwa limewekwa dawa siku mbili tu nyuma. Kila mtu alijua. Mtu wa dawa angeweza kusema hapana, maana neno hilo lilikuwa lake, hata meneja hangeweza kulipinga. Badala yake akaondoa mifuko ya mchanga kwa mguu, akavuta turubai, akapiga makofi. "Haya, haya! Mzee yuko na safari!"

Tuliitwa tukashone yaliyotoboka. Nikaangalia ile milango iliyofungwa, nikasema, "Mimi siingii hapo mpaka pafunguliwe."

"Basi kaa," mtu wa dawa akasema. "Chepsaita, wewe kuja. Wewe si mtu wa maringo."

Chepsaita akaniangalia. Alikuwa na watoto wanne shuleni. Akachukua sindano yake, akaingia kati ya rundo na ukuta.

Nilienda ofisini kutafuta mtu wa kuniunga mkono, au hata funguo tu za milango ya upande. Ofisi ilikuwa tupu. Niliporudi nilimwona Chepsaita amepiga magoti, paji la uso limeegemea gunia kama mtu anayesali. Nikamwita. Hakujibu. Nikamgusa, akaanguka ubavu, na povu likamtoka mdomoni.

Nilipiga kelele. Wabebaji wawili wakasaidiana nami kumtoa nje kwenye mvua. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, macho wazi, mikono imeshika kifua. Gari la meneja halikuwepo. Watu wakaanza kubishana kuhusu boda, nani amshike, nani alipe. Yule mzee wa lori ndiye aliyefungua mlango wa mbele wa lori lake.

"Weka yeye hapa," akasema. "Mama, panda, shika kichwa yake. Mahindi itangoja."

Mtu wa dawa akapanda pia, akabanana mlangoni. Nasema hivi ili nisimwonee: aliogopa. Alimwita Chepsaita njia nzima, "Mama, mama, usilale," na alikuwa na machozi.

Lakini tulipofika hospitalini, mgonjwa amewekwa kwenye machela, alinivuta kando karibu na ukuta.

"Sikiliza," akasema, tena kwa lugha yetu. "Wakiuliza, sema ni presha. Sema hajakula tangu jana. Ukitaja dawa, ile stoo inafungwa. Mimi nina watoto. Wewe una watoto. Yeye pia. Nani atawalisha?"

"Wakimtibu presha atakufa."

"Hafi. Hii imewahi kunipata mimi. Anapumzika tu anaamka."

Daktari akaja, msichana mdogo mwenye miwani, akauliza huyu mama alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka. Mtu wa dawa akawahi. "Daktari, huyu huwa na presha, halafu leo hakula."

Nikasema, "Amevuta dawa ya mahindi. Ile ya vidonge. Turubai imefunguliwa kabla ya wakati na milango ikiwa imefungwa."

Daktari akageuka kwangu. Akaniuliza ni vidonge gani, mkebe unafananaje, alikaa ndani muda gani. Nikajibu nilichojua. Akaita watu, wakamkimbiza ndani, wakamvalisha oksijeni. Mtu wa dawa aliniangalia kama ninayemuuza akiwa hai. Kisha akaketi kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono.

Yule mzee wa lori alingoja nje mpaka akasikia yuko hai. Aliniambia, "Mimi ile mzigo sichukui. Watu wangu watakula hiyo?" Akaenda. Nilikuja kusikia baadaye kwamba hata huo mzigo uliokataliwa uliwekwa kwenye hesabu ya dhambi zangu.

Chepsaita hakufa. Alilala wodini siku nyingi. Hospitali ikatoa habari, watu wa serikali wakaja stoo, wakatazama, wakauliza maswali, stoo ikafungwa kwa muda. Watu wa kibarua walikaa nyumbani bila kitu, na wote walijua aliyefungua mdomo ni nani.

Nilitarajia hasira. Sikutarajia vile wengine watakavyonipongeza. Mama mmoja wa pale stoo, wa kabila la wenyeji kama Chepsaita, alinishika mkono barabarani akaniambia, "Umefanya vizuri. Hao watu wenu wamezoea kutufanyia hivi." Alisema "hao watu wenu" akiniangalia usoni, akitabasamu, kana kwamba mimi sikuwa mmoja wao. Niliutoa mkono wangu. Sikuwa nimesema lolote kuhusu kabila la mtu. Nilisema turubai, nikasema milango, nikasema barakoa. Lakini katika mji wetu kuna mambo ambayo ukiyatamka yanabadilika mdomoni kabla hayajafika masikioni mwa mtu.

Upande wetu nao walikuja nyumbani. Wazee watatu wa kikundi cha kanisa, na mama yangu mzazi aliyetoka kwake mapema ili awakute. Wakaomba kwanza. Kisha mzee mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Mama, hakuna anayesema ulidanganya."

"Asante, mzee."

"Lakini sisi hapa ni wachache. Wewe unajua tulikopita. Mtu wetu akikosa, tunamwita, tunamkemea hapa ndani. Hatumpeleki nje."

"Nilienda kwake kwanza. Nilikunywa chai yake. Akaniuliza nani aliniingiza kazini."

"Ungekuja kwetu."

"Ningekuja kwenu mkafanya nini, mzee? Chepsaita si wa kanisa letu. Mngemwambia nini yeye?"

Mzee akamgeukia mama yangu. Mama yangu ndiye aliyesema lile lililoniuma. Yeye wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, watu wetu walipofukuzwa, alilala kanisani na mablanketi mawili na sufuria, na nyumba yake ikachomwa. Alisema, "Siku ile mimi nilifunguliwa mlango na watu wetu. Huyo jirani yako alikuwa mmoja wao, alibeba magodoro. Sasa siku ikigeuka tena, wewe utamgongea nani?"

Mimi nimezaliwa mji huu. Kitovu changu kimezikwa hapa, kama wanavyosema. Na bado mama yangu alikuwa ameniwekea mizani, upande mmoja mlango wa kanisa, upande wa pili kifua cha mwanamke mmoja wa Chepsaita, akingoja nichague. Nilimwambia, "Mama, nilikuwa nimemshika kichwa mle kwenye lori." Akasema anajua, na akalia, na hakubadilisha neno lake.

Mtu wa dawa alijua njia ya kutengeneza mambo. Chepsaita aliporudishwa kwao, alienda kumwona, yeye na mke wake na wale wazee, wakapeleka kondoo, blanketi, sukari na unga. Nasikia alipiga magoti mbele ya mume wa Chepsaita. Nasikia alilia, na naamini, maana machozi yake hayakuwahi kuwa ya uongo. Mume akapokea. Wazee wa kule wakasema aliyekubali kosa hapigwi mara mbili. Wale watu wa serikali walipofika kumuuliza Chepsaita mwenyewe, aliwaambia amekuwa na presha tangu alipozaa mtoto wa mwisho, na siku ile alikuwa hajala.

Meneja aliniita. Safari hii hakuangalia simu.

"Mgonjwa mwenyewe amesema ni presha. Sasa wewe ulitoa wapi habari ya dawa?"

"Bosi, daktari alimtibu nini?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi niliona."

"Uliona. Umetuharibia jina, umetufungia stoo, mteja amekimbia, na mwenye kuumia hajui unachosema." Akafungua mlango. "Kazi imepungua. Ikirudi tutakupigia."

Stoo ilifunguliwa tena. Mavuno yakaja, trekta zikapanga foleni, nikaziona zikipita kwa barabara kuu na magunia yamerundikwa juu. Hakuna aliyenipigia. Mtu wa dawa alipumzishwa kidogo, kisha akarudishwa, na kazi ni ile ile. Wanasema siku hizi anavaa barakoa. Wengine wanasema anaivaa wageni wakija. Mimi sijui, sikuweza kuingia kuona.

Nilipata kazi kwa fundi mmoja wa nguo mjini, nashona sare za shule. Bado tunaishi pale pale Kapsoya. Nikianika nguo naye yuko upande wa pili wa mabati, husalimia. "Dadangu, mmeamkaje?" Na mimi hujibu, "Tumeamka salama," kwa sababu watoto wangu na wake huenda shule pamoja.

Chepsaita nilikutana naye mwaka uliofuata, karibu na soko la mitumba. Nilimjua kwa mikono kabla ya uso. Alikuwa amekonda, na alisimama kila hatua chache kana kwamba anatazama nguo, lakini hakuwa anatazama nguo, alikuwa anatafuta pumzi. Nikambebea mfuko. Tukakaa kwenye ngazi za duka moja lililofungwa.

"Kapsoya," akasema. "Ulinikasirikia?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetarajia hilo. "Ulikuwa unasema ukweli. Mimi najua, mume wangu anajua, hata wale waliokula ile kondoo wanajua. Lakini ungetaka nifanye nini? Nishinde kesi, nirudi nyumbani na kifua hii? Wewe ungekuja kunitekea maji?"

Sikuweza kumwambia ningekuja.

"Mtu wa dawa alimpa mdogo wangu kazi," akaendelea. "Yule anayenifuata. Nilimwomba, akakubali siku hiyo hiyo."

"Kazi gani?"

"Ya kushona. Pale ulipokuwa unakaa wewe."

Watu walikuwa wanapita mbele yetu na nguo mabegani, muuzaji mmoja akitangaza bei kwa sauti. Nikamuuliza kama amemweleza mdogo wake habari za ile dawa.

"Ananiona kila siku," Chepsaita akasema. "Sasa nimweleze nini tena?"

Akainuka polepole, akashika ukuta, akaomba mfuko wake. Nilisema nitambebea mpaka stegi ya matatu. Akakataa, akasema nitachelewa kazini. Nikampa. Alienda akisimama na kutembea, akisimama na kutembea, mpaka nikashindwa kumtofautisha na wanawake wengine waliokuwa pale sokoni, nami nikarudi kwa fundi, ambako sketi za bluu zilikuwa zinaningoja kupindwa.